Chombo Kisicho na Ramani: Ujuzi wa Waunzi wa Pwani na Upungufu wa Maandishi

Mtu apitaye pwani ya Nungwi, Chole au Matondoni wakati maji yamekupwa hakosi kuona chombo kichanga kimetegemezwa kwa magogo, fundi ameinama na tezo yake, na watoto wawili watatu wakichezea vibanzi. Asichokiona ni karatasi. Hapana ramani iliyotandazwa, wala kitabu kilichofunguliwa, wala hesabu zilizoandikwa kwa chaki ubaoni. Fundi akiulizwa urefu wa chombo atataja dhiraa. Akiulizwa upana atautazama mkuku kwanza, kisha atanyosha mkono. Wageni wengi waliopita pwani yetu katika karne mbili zilizopita waliliona jambo hilo, na baadhi yao wakakata shauri kwamba kazi isiyo na maandishi ni kazi ya kubahatisha. Shauri hilo si la haki, na makala hii inakusudia kulijibu. Lakini haitalijibu kwa kujisifu tu, maana upande wa pili wa jambo hili una msiba ndani yake. Chombo kilichosifika kuliko vyote katika pwani hii, yaani mtepe, kimetoweka, na kila aliyejaribu kukirudisha amelazimika kufanya kazi kwa maelekezo yaliyokatika katikati.

Tuanze na maandishi yenyewe, kwa kuwa si machache. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Kristo, mfanya biashara mmoja aliyeandika Kiyunani, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alitunga kitabu cha safari kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea. Humo alitaja kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wangali wakibishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia, akasema kwamba huko kulikuwa na vyombo vya kushonwa pamoja na mitumbwi ya gogo moja, na kwamba watu walivitumia kuvulia samaki na kukamatia kasa. Alitaja pia mji wa biashara wa bara letu ulioitwa Rhapta, akaeleza kuwa jina hilo lilitokana na vile vyombo vya kushonwa. Kwa hiyo mji wa kwanza wa pwani yetu kuandikwa katika vitabu vya dunia haukuitwa kwa jina la mfalme wala la mungu. Uliitwa kwa kazi ya fundi wa vyombo.

Hata hivyo mwandishi yule hakueleza vilishonwaje. Hakusema uzi ulitokana na mti gani, wala matundu yaliachana kwa nyanda ngapi. Yeye alikuwa mtu wa biashara; alitaka kujua pembe za ndovu zinapatikana wapi na mikuki iuzwe kwa nani. Hapana sababu ya kumlaumu, ila yafaa ikumbukwe kwamba upungufu tunaousema ulianza siku ile ile maandishi yalipoanza.

Maelezo yaliyo kamili kuliko mengine ya zamani yalitoka mbali kidogo na kwetu. Mwaka 1183 msafiri wa Andalusia, Ibn Jubayr, akiwa njiani kwenda Makka, alikaa katika bandari ya Aydhab kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, akavitazama vyombo vya kushonwa kwa jicho la mtu mwenye hofu ya kuvipanda. Aliandika kwamba havikuwa na msumari hata mmoja. Kwamba vilishonwa kwa kamba za kumbi la nazi lililopondwa mpaka likawa nyuzi. Kwamba nyufa zilizibwa kwa vijiti vya mtende. Na kwamba mwishoni chombo kilipakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na hayo ya papa ndiyo yaliyo bora. Alieleza hata sababu: mafuta huulainisha ubao, nao ubao mlaini hustahimili miamba iliyojaa katika bahari ile. Mtu wa pwani yetu asomapo maneno hayo hutabasamu, kwa sababu anaijua sifa, yaani hayo mafuta ya papa, na harufu yake haihitaji kuelezwa na msafiri yeyote.

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, naye alisema habari zinazokaribiana na hizo, kwamba chombo cha kushonwa kikigonga mwamba hulegea na kurudi, ilhali cha misumari huvunjika. Wareno wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliona vyombo vikubwa visivyo na misumari, mbao zake zimefungwa kwa kamba na matanga yake ni ya mikeka. Zaidi ya maandishi, kuna michoro. Katika magofu ya Kilwa, Songo Mnara na Gedi watu wa kale waliikwaruza picha za vyombo juu ya chokaa ya kuta, na mwaka 1964 picha hizo zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Zinaonyesha matanga, kamba na milingoti kwa usahihi wa mtu aliyevijua vyombo hivyo tangu utotoni. Lakini mkwaruzo wa ukutani huonyesha ubavu wa nje tu, na siri ya chombo cha kushonwa iko ndani.

Mtepe wenyewe, kama ulivyojulikana katika karne ya 19, ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu, hasa Pate, Faza na nchi ya Wabajuni. Ulibeba boriti za mikoko kwenda Mombasa, Unguja na kwingineko. Ulikuwa na tanga la mkeka la umbo la mraba, omo iliyochongoka kama shingo, na jicho lililochorwa kila upande. Wazee wa Lamu walisema shingo ile ni ya ngamia jike wa Mtume. Haukuwa na sitaha, na kwa kuwa matundu ya kamba hayazibiki kabisa, mabaharia wake walifua maji usiku na mchana. Hapo wageni walicheka sana. Hawakuuliza kwa nini watu wenye akili timamu, ambao kwa karne nyingi waliona misumari ya vyombo vya Waarabu, Wahindi na Wareno katika bandari zao, waliendelea kushona.

Zamani vitabu vya ng'ambo vilitoa jibu la ajabu, kwamba baharini kuna mlima wa sumaku unaong'oa misumari ya merikebu zipitazo. Ni hadithi tamu, nasi tuiache kwa watoto. Sababu za kweli zilikuwa karibu na nyumba ya fundi. Chuma kilikuwa ghali. Mnazi ulikuwa uani. Chombo cha kushonwa kilipwelea juu ya mchanga na miamba bila kupasuka, na katika pwani isiyo na magati, ambako shehena hupakiwa maji yakikupwa, hilo si jambo dogo. Tena kamba ikichakaa mwenye chombo huifumua na kushona upya, na mbao zile zile hurudi kazini. Kufua maji kulikuwa bei ya faida hizo, na waliolipa bei hiyo walijua walichokuwa wakikinunua.

Hapa inafaa tusimame kidogo kwenye kamba, kwani waandishi karibu wote waliipita mbio. Ili kupata uzi wa kushonea, makumbi hufukiwa katika mchanga au tope la ufukoni kwa miezi mingi mpaka nyama yake ioze. Hufukuliwa, hupondwa kwa kigongo, huoshwa kwa maji ya chumvi, kisha nyuzi husokotwa kwa viganja. Kumbi lililotolewa mapema hukatika; lililosahauliwa huwa jivu. Katika pwani ya mashariki ya Unguja kazi hiyo ni ya wanawake, nao huijua siku ya kufukua kwa kugusa na kunusa. Vitabu vya safari vimejaa majina ya manahodha. Mtu akitafuta ndani yake jina la msokota kamba mmoja, atafika ukurasa wa mwisho mikono mitupu, ingawa mtepe wote, kutoka omo hadi tezi, ulishikwa na uzi wa kiganja chake.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilikwisha. Mwingereza James Hornell, mmoja wa wajuzi wakubwa wa vyombo vya mataifa mbalimbali, aliandika juu yake mwaka 1941, wakati ambapo habari nyingi zilikuwa tayari ni za kukumbukwa. Mholanzi A.H.J. Prins, aliyechapisha kitabu chake kuhusu usafiri wa bahari wa Lamu mwaka 1965, alizikusanya zilizosalia. Pamoja na maandishi hayo kulibaki vielelezo vidogo katika majumba ya makumbusho, kama vile Mombasa na Lamu. Navyo vielelezo vina ila yake. Fundi achongaye mtepe wa dhiraa mbili hahitaji kuutia nguvu za kubeba boriti. Mishono mia hufanya kumi, na kamba huwa uzi wa cherehani. Anayepima kielelezo na kukikuza mara ishirini amekuza pia uongo wake mdogo.

Basi nini hutokea watu wakitaka kukiunda tena chombo cha namna hiyo? Mfano mmoja watoka Oman. Mwaka 1980 katika mji wa Sur iliundwa jahazi kubwa ya kushonwa iliyoitwa Sohar, chini ya msafiri Tim Severin, ikasafiri mpaka Canton nchini China na kufika mwaka 1981. Waliikusanya elimu ya vitabu yote iliyopatikana. Lakini mbao zilipokuwa tayari kuunganishwa walilazimika kuwaita washonaji kutoka visiwa vya Lakshadweep vya Uhindi, ambako kushona vyombo hakujafa. Vitabu viliwafikisha kwenye ubao na tundu. Kukaza kamba, kiasi cha kuufinya ubao bila kuupasua, kulitoka katika mikono ya watu waliokuwa hai.

Kwa upande wetu, mwaka 2003 mtepe uliundwa Unguja, ukaitwa Shungwaya, ukawekwa katika jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib. Ilikuwa kazi ya heshima, na maelfu ya wanafunzi walioupita waliona kwa macho yao kitu ambacho babu zao walikisimulia tu. Hata hivyo mafundi walioushona walikuwa wamekulia katika vyombo vya misumari, na hapakuwa na kisiwa cha jirani cha kuita mshonaji wa mtepe. Pale walipokuta pengo waliliziba kwa akili yao, na akili ya fundi mzuri huziba vizuri. Lakini mtazamaji hawezi kujua tena wapi panakoma mtepe wa Faza na wapi panaanza busara ya fundi wa karne ya 21. Nalo jumba lenyewe, lililojengwa mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakapoteza maisha. Wale wanaodhani kwamba kitu kikishawekwa katika makumbusho kimekwisha kuokoka hawana budi kulifikiri hilo.

Sasa tuugeukie upande wa pili, yaani chombo kidogo ambacho hakuna aliyekiimba sana, nacho kingali hai: ngalawa. Tuseme kijana mmoja wa pwani, ambaye hakulelewa na fundi, amepata gogo zuri la mwembe uani kwao na ameazimia kujiundia ngalawa ya tanga moja. Tuseme pia amepata maandishi yote yaliyowahi kuandikwa juu ya ngalawa. Atafika wapi?

Mwanzo hautampa taabu. Maandishi yatamwambia kwamba ngalawa ni mtumbwi wa gogo moja uliowekewa mbao mbili za kuelea, moja kila ubavu, zinazoshikwa na miti miwili inayokatiza juu ya ganda. Yatampa hata historia: kwamba vyombo vyenye mbao za pembeni ni vya watu wa visiwa vya Asia ya kusini-mashariki, wale ambao baadhi yao walivuka bahari na kukaa Bukini, kwamba Ngazija huiita galawa, kwamba upande wa magharibi wa Bukini mtumbwi huwa na ubao mmoja wa pembeni, bali kwetu ni miwili. Atajifunza kwamba hata huo mwembe alio nao ni mgeni aliyekuja kutoka Uhindi, na kwamba kabla yake wazee walichonga miti mingine. Yote hayo ni mazuri kuyajua. Hayachongi.

Akianza kuchonga atauliza ganda liwe nene kiasi gani. Kitabu kitampa kipimo kimoja, lakini ganda halina unene mmoja: chini hubaki zito ili likae majini na kustahimili kukokotwa juu ya mchanga, ubavuni hupungua, na kwenye ncha huongezeka tena. Fundi huweka kiganja kimoja ndani na kimoja nje, hugonga kwa kishikio cha tezo na kusikiliza. Sauti ya ubao uliofikia kiasi chake haina alama ya kuandikiwa. Tena kila gogo lina upande uliotazama jua, lina kifundo, lina mahali mdudu alipopita, na fundi huamua kabla ya pigo la kwanza upande upi uwe chini. Kijana wetu ataamua hilo kwa bahati, na hatajua kwamba ameamua jambo.

Vipimo navyo vitamsumbua. Wazee walipima kwa wanda, shibiri, dhiraa na pima, yaani kidole, kiganja kilichotanuliwa, mkono tangu kiwiko, na mikono miwili iliyonyoshwa. Waandishi wa kigeni walivigeuza vipimo hivyo kuwa futi na inchi, kisha wengine wakavigeuza futi kuwa mita, wakaona wamevisafisha. Kumbe walivunja kitu. Dhiraa ya fundi ilitoka katika mwili wa mtu atakayekaa ndani ya ngalawa na kupiga kafi. Upana wa ganda uliwiana na mapaja yake, na nafasi ya miti na urefu wa mkono wake. Vipimo hivyo vilikuwa uwiano, navyo havikukusudiwa kuwa hesabu ya kubandikwa juu ya kila chombo. Uwiano ukigeuzwa kuwa sentimita hufaa ngalawa moja tu, ile iliyopimwa siku ile.

Kisha atafika kwenye ndubi, na hapo ndipo penye roho ya ngalawa. Mbao hizo za kuelea, kwa mtazamaji wa pwani, ni vipande viwili vya kawaida vya kuzuia chombo kisipinduke. Kwa kweli hazikai wima wala hazilali. Huinamishwa, ili upepo ukikilaza chombo, ndubi ya upande wa demani isizame bali maji yaisukume juu. Ikiinamishwa kidogo mno haitainua. Ikizidi italima maji na kuuvuta mwendo. Miti inayozishika haipigiliwi misumari, hufungwa kwa kamba, kwa sababu lazima icheze kidogo kila wimbi lipitapo. Hata majina yake hayatulii: mvuvi huyu atasema mirengu, yule wa bandari ya pili atasema matengo. Ndubi ziinamishwe kiasi gani? Fundi huifunga moja, hurudi nyuma hatua kumi, hufumba jicho moja, hurudi na kuilegeza. Anachokitazama si ubao tu. Anatazama ganda limekaaje, mwenyewe ana uzito gani, na bahari ya mahali pale ina wimbi la namna gani. Kijana wetu akifunga kama picha ilivyo, ngalawa yake itaelea siku ya shwari. Siku ya kusi itamfundisha yaliyobaki, kama atakuwa karibu na ufuko.

Juu ya tanga sitakaa sana. Zamani lilikuwa mkeka, baadaye likawa nguo ya marekani, siku hizi huwa hata turubali au magunia yaliyoungwa, na ngalawa haijali. Inalojali ni foromali ikae wapi juu ya mlingoti, na hilo hurekebishwa baharini.

Kwa hiyo ikitazamwa juu juu, habari hii inashangaza. Mtepe uliandikwa na watu wa mataifa mengi, ukachorwa kwenye kuta, ukachongewa vielelezo, nao umekufa. Ngalawa haikuandikwa hata robo yake, nayo kila alfajiri inashuliwa baharini tangu Tanga hadi Mtwara. Tofauti yao ni kwamba kwa ngalawa hakujapita kizazi kimoja kisicho na mtoto wa kusimama karibu na fundi. Mtoto huyo hafundishwi kwa maneno mengi. Huanza kwa kuteka maji na kuokota vibanzi. Hupewa pamba na mafuta ajifunze kukalafati. Hushika upande wa pili wa ubao. Siku moja hukabidhiwa tezo mahali ambapo kosa lake halitadhuru. Akikosea, fundi huchukua tezo na kusahihisha bila hotuba. Miaka hupita hivyo. Kwa mtepe mnyororo huo ulikatika mara moja tu, katika muda wa miaka thelathini au arubaini ambapo hapakuwa na mwenye mali aliyeagiza chombo kipya, na mara moja ilitosha.

Wako wasemao kwamba siku hizi dawa imepatikana, kwa kuwa kazi yote yaweza kupigwa picha za video tangu mti kuangushwa hadi chombo kushuliwa. Na ifanywe, tena upesi, maana picha ya mkono unaokwenda yashinda kurasa mia. Lakini kamera haionyeshi uzito wa pigo, wala jinsi kamba inavyolia kabla ya kukatika. Hatari iliyo kubwa zaidi iko mahali pengine. Miembe minene na mivule imekuwa adimu na ghali, boti za faiba zimeingia, na baba mvuvi humwombea mwanawe apate kazi ya mshahara. Fundi asiye na mteja hana mwanafunzi, na fedha za makumbusho hazitoshi kuwa mteja. Kama serikali na vyama vya wavuvi wangeagiza ngalawa chache kila mwaka kwa sharti kwamba kila moja iundwe na fundi pamoja na vijana wawili, gharama yake ingekuwa ndogo kuliko ya kuunda upya chombo kilichokwisha kufa.

Kwamba ujuzi huo si kitu cha jana tu kulionekana Lamu mwaka 2018. Mafundi wa huko, wakiongozwa na Ali Skanda, waliunda chombo cha tanga cha mita tisa hivi kwa plastiki iliyookotwa ufukoni na mijini, wakakifunika kwa vipande vya ndara zipatazo 30,000, kikaitwa Flipflopi. Duniani kote hapakuwa na maelekezo ya kuunda jahazi kwa taka. Plastiki iliyoyeyushwa na kumiminwa kuwa mkuku na mataruma haina nyuzi kama mti. Hupindana kwa joto, na msumari hauishiki kwa namna ile ile. Mafundi waliichukua kama walivyolichukua kila gogo geni lililowahi kuletwa mbele yao: waliigonga, waliikata, waliitazama inavyopinda, wakaendelea kwa tezo na msumeno ule ule. Mapema mwaka 2019 chombo hicho kilitweka tanga Lamu na kusafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Unguja, katika njia ya kaskazi ambayo mitepe iliyobeba boriti ilikuwa ikiipita.